Udongo wa Miti ya Matunda Inayokaa Kwenye Mapipa na Ndoo

Mabibi na mabwana, karibuni. Wengi wenu mna mndimu kwenye pipa, mpera kwenye ndoo, pengine mwembe wa kubebeshwa juu ya paa la zege hapa Dar es Salaam, na swali lenu ni moja: niweke udongo gani? Jibu linalotolewa kwenye vitalu vingi ni tatu kwa mbili kwa moja: ndoo tatu za udongo wa juu, mbili za samadi, moja ya mchanga. Mchanganyiko huo ni mzuri kwa kazi yake. Kazi yake ni kiriba, ule mfuko wa plastiki wa kitaluni, ambamo mche unakaa miezi kadhaa kisha unakwenda shambani. Mti utakaoishi chomboni miaka mitano, miaka kumi, unataka kitu kingine.

Kwenye chombo, mti wa matunda haufi kwa njaa mara nyingi kama unavyokufa kwa kukosa hewa mizizini. Rutuba unaweza kuiongeza siku yoyote kwa kijiko. Hewa huiongezi tena ukishapanda. Ndiyo maana nasema tuchague udongo kwa hewa inayobaki ndani yake baada ya kumwagilia, na habari ya rutuba tuishughulikie baadaye.

Angalieni sponji hii hapa mezani, ya kuoshea magari. Imeshiba maji. Naishika ikiwa imelala bapa. Imedondosha kidogo, sasa imeacha kabisa. Sijaikamua. Naisimamisha wima. Mnaona? Maji yanatoka tena, na mengi. Sponji ni ileile, kilichobadilika ni kimo chake tu. Sasa mwenzetu wa mbele apapase: juu imeanza kukauka, chini bado imejaa maji. Hilo tabaka la chini lililojaa liko kwenye kila chombo mlicho nacho nyumbani, hata kiwe na matundu ishirini. Unene wake unategemea ukubwa wa punje za udongo. Punje zikiwa laini kama unga, linanenepa. Zikiwa nene, linabaki jembamba. Shambani tatizo hili halionekani kwa sababu chini ya udongo kuna udongo mwingine unaoendelea kuyavuta maji. Kwenye ndoo, udongo unakomea kwenye tundu.

Fanyeni hesabu. Ndoo ya lita 20 ina kina cha sentimita 35 hivi. Udongo wenye mfinyanzi na vumbi jingi unaweza kushikilia tabaka la sentimita 15 au zaidi. Karibu nusu ya ndoo haina hewa kila ukimwagilia, na wakati wa masika, mvua ikinyesha siku nne mfululizo, haina hewa siku zote nne. Mizizi inaanza kuoza, na vimelea vya Phytophthora, ambavyo vinapenda hasa michungwa na miparachichi, vinaogelea kwenye maji hayo kutoka mzizi hadi mzizi. Majani ya chini yanakuwa njano, mwenye mti anadhani ni ukosefu wa mbolea, anaongeza samadi. Samadi ikishaoza na kuwa laini inaziba nafasi zilizobaki.

Hapa lazima niseme kuhusu kokoto za chini ya chungu, maana ushauri huo umeenea mno. Ukiweka sentimita 5 za kokoto chini, maji hayashuki kwenye kokoto mpaka udongo ulio juu yake ushibe kwanza. Tabaka lile la maji halijaondoka. Limepanda sentimita 5 kuusogelea mti, na umepoteza nafasi ya mizizi. Weka kipande cha wavu wa mbu juu ya matundu kuzuia udongo usitoroke, basi.

Kosa la pili ni kuamini kwamba udongo mzito unatengenezeka kwa kuongezewa kidogo cha kitu chepesi. Jaribuni wenyewe: jaza ndoo kokoto ndogo lita 10, kisha mimina mchanga lita 3. Hupati lita 13. Unabaki na lita 10 na kidogo, kwa sababu mchanga wote umeingia katikati ya kokoto, mahali ambapo palikuwa na hewa. Ndivyo inavyokuwa ukichukua udongo mweusi ndoo nne na kuuchanganya na ndoo moja ya pumba. Vumbi linazunguka kila punje nene na mchanganyiko unaendelea kuwa na tabia ya vumbi. Ili punje nene zifanye kazi, lazima ziwe nyingi kiasi cha kugusana zenyewe kwa zenyewe, maana yake zaidi ya nusu ya mchanganyiko wote.

Basi tunatumia nini huku pwani? Cha kwanza ni makumbi ya nazi, na tuna bahati nayo. Namaanisha vipande vya makumbi vilivyokatwa kwa panga au shoka, vyenye urefu wa milimita 6 hadi 12, siyo vumbi lake peke yake. Vipande vinakaa miaka miwili mitatu kabla ya kusagika, vinashika maji ndani yake na kuacha hewa kati yake. Vumbi la makumbi, lile linalouzwa limeshindiliwa kama tofali, lina kazi pia, ila kwa kiasi kidogo. Tofali la kilo 5 likilowekwa linafumuka kufikia lita 60 hadi 70.

Makumbi yana adui mmoja: chumvi. Yaliyokaa ufukweni, au yaliyofukiwa kwenye tope la bahari ili yalainike kwa ajili ya kusokota kamba, yamebeba chumvi ya kuua mndimu. Hata yasiyogusa bahari yana potasiamu na sodiamu nyingi za asili. Loweka kwa maji baridi yasiyo na chumvi usiku kucha, mwaga, rudia mara tatu. Kisha loweka mara ya mwisho kwa maji yenye nitrati ya kalsiamu, gramu 100 kwa lita 10, kwa saa 24, chuja na suuza. Kalsiamu inaisukuma sodiamu itoke na kukaa mahali pake. Usipofanya hivyo, makumbi yataendelea kuinyang'anya miti kalsiamu na magnesiamu unayowapa. Tafadhali msichukue CAN, ile mbolea ya dukani ya nitrati ya amonia iliyochanganywa na chokaa, mkadhani ni ileile. CAN ina amonia nyingi na kalsiamu yake nyingi haiyeyuki upesi.

Cha pili ni pumba za mpunga, yaani maganda magumu, siyo zile laini za kulisha kuku. Zina silika, kwa hiyo haziozi haraka. Zimwagie maji ya moto na zikauke, la sivyo punje za mpunga zilizobaki zitaota kama jaruba. Zilizochomwa zinafaa pia, lakini majivu yake yana asili ya alikali, kwa hiyo zioshwe na zisizidi theluthi ya mchanganyiko.

Cha tatu ni kitu kisichooza kabisa. Walio Arusha na Moshi wana changarawe za volkano, nyepesi na zenye vitundu. Kenya kuna mawe mepesi ya volkano upande wa Naivasha na Longonot. Sisi wa Dar tuna kokoto ndogo za milimita 3 hadi 6 na mchanga mnene wa mto. Mchanga wa ufukweni achaneni nao. Una chumvi, na una vipande vya matumbawe na simbi ambavyo ni chokaa tupu. Chokaa inapandisha pH, yaani kipimo cha uchachu wa udongo, kufikia 8 hivi, chuma kinajifunga mizizi isiweze kukivuta, na majani machanga ya mndimu yanatoka njano huku mishipa ikibaki kijani. Mkiona dalili hiyo, mbolea ya kawaida haiponyi, na mbolea ya chuma ya aina ya EDTA inashindwa pH ikizidi 6.5, inatakiwa ile ya aina ya EDDHA. Michungwa na mindimu inataka pH ya 5.5 hadi 6.5. Makumbi yenyewe yako humo humo, kwa hiyo hakuna haja ya kuongeza chokaa wala majivu ya jikoni.

Vumbi la mbao siliungi mkono. Linaoza ndani ya mwaka mmoja katika joto letu, likioza linakula nitrojeni ya mti, na mchwa wakiligundua wamefika nyumbani.

Kwa pipa la lita 200 lililokatwa katikati, lenye kubeba lita 80 ukiacha ukingo, pima kwa ndoo ya lita 10: vipande vya makumbi ndoo tatu, pumba ndoo mbili, kokoto ndogo au changarawe ya volkano ndoo mbili, vumbi la makumbi ndoo moja, mboji iliyoiva na kuchekechwa ndoo moja. Ni ndoo tisa, lita 90, lakini zikichanganyika zinashuka kufikia lita 75 au 80 kwa sababu niliyoonyesha ya mchanga na kokoto. Kabla ya kuchanganya, pitisha pumba na kokoto kwenye wavu wa mbu. Kinachopita ni vumbi, kitupe kwenye bustani ya mboga. Mpapai na mkomamanga vinavumilia mchanganyiko huu vilevile. Mparachichi nauongezea ndoo moja ya kokoto na kupunguza mboji iwe nusu. Anayependa mboji zaidi asipite ndoo mbili kati ya tisa. Samadi mbichi isiguse chombo, na ya kuku hata ikiiva ina chumvi nyingi mno kwa ndoo.

Msiniamini kwa maneno. Pimeni. Chukua ndoo yenye matundu, ya kina kilekile kama chombo chako au karibu yake, maana sponji imetuonyesha kwamba kimo kinabadilisha jibu. Ziba matundu kwa utepe wa gundi wa nailoni kwa nje. Jaza mchanganyiko ulio na unyevu, gonga ndoo chini mara tatu, ongeza ulipopungua, na uandike ujazo wake. Tuseme ni lita 20. Mimina maji polepole mpaka yang'ae juu, acha nusu saa, ongeza yaliyozama. Weka ndoo juu ya matofali mawili na beseni chini yake, bandua gundi, subiri mpaka isidondoke tena. Pima maji yaliyo kwenye beseni. Maji hayo yameacha nafasi, na nafasi hiyo ndiyo hewa ya mizizi. Yakiwa lita 3 hadi 5 kwa ndoo ya lita 20, yaani asilimia 15 hadi 25, mmefaulu. Chini ya lita 2, mti utateseka masika. Ongeza vipande na kokoto, kwa wingi, siyo kiganja. Zaidi ya lita 6, utamwagilia asubuhi na jioni wakati wa kiangazi. Ongeza vumbi la makumbi.

Walio ghorofani wazingatie uzito. Lita 60 za udongo wa shamba uliolowa zinapita kilo 100. Mchanganyiko huu ukitumia changarawe nyepesi unakaribia nusu ya hapo.

Kuhusu maji ya kisima: mchungwa unaanza kupoteza mavuno chumvi ya maji ikizidi desisimensi 1.1 kwa mita, kipimo cha chumvi kwa umeme unaopita majini, mparachichi mapema zaidi, kama 0.9. Kipimo cha mkononi kinatosha. Maji yakiwa karibu na hapo, kila mara mwagilia mpaka moja ya tano ya maji itoke chini, ili chumvi isijilimbikize, na kinga maji ya mvua. Mchanganyiko wenye hewa unaruhusu usuuzaji huo. Udongo mzito hauruhusu. Mbolea: kijiko kimoja cha chai cha NPK 17-17-17 kwa kila lita 20 za chombo, kila wiki tatu, juu ya udongo uliokwisha kulowa.

Jambo la mwisho ni lile donge la kiriba. Mche unakuja na donge la mfinyanzi, na ukilitumbukiza lilivyo katikati ya makumbi, maji yatapita pembeni huku donge likibaki kavu, au litashiba na kukataa kuachia. Kwa michungwa na mindimu, loweka donge na kusuuza theluthi ya nje kwa vidole, jioni, kivulini, ikiwezekana Juni au Julai kunapokuwa na ubaridi. Mwembe, mpapai na mparachichi usiwavue udongo. Kwaruza tu kingo za donge na kuelekeza nje mizizi inayozunguka. Shingo ya mti, pale shina linapokutana na mizizi, ikae sentimita 3 juu ya usawa wa udongo kwa sababu mchanganyiko utatitia. Ukititia baada ya mwaka, usijaze juu na kuizika shingo. Ng'oa mti pamoja na donge lake, weka mchanganyiko mpya chini, urudishe juu yake. Baada ya miaka mitatu hivi, makumbi yakishakuwa unga, kata sentimita 3 za mizizi ya pembeni na chini kwa kisu kikali, punguza matawi kwa kadiri hiyo hiyo, na jaza nafasi hiyo kwa mchanganyiko mpya uliopimwa kwa ndoo.