Sangara wetu nimemkuta Ujerumani: bei za chakula huku na kule

Mwadila, ndugu zangu. Leo narekodi nikiwa nyumbani Igoma, Mwanza, kwa mama. Hao vifaranga mnaowasikia nyuma mnivumilie tu.

Swali ni lile lile. Hata nikiongelea baridi ya Ujerumani ninakoishi, mtu atauliza: "Chakula huko bei gani?" Nikisema ghali, naambiwa nalalamika wakati wenzangu wanatafuta nafasi ya kwenda. Nikisema kuna vitu vya bei rahisi, naambiwa naringa. Sasa safari hii nimekuja na risiti, hii hapa, ya wiki ya mwisho kabla sijapanda ndege.

Sukari kilo moja, senti 99. Euro nimeibadilisha kwa kama shilingi 2,900, kwa hiyo ni 2,870 hivi. Juzi mama kanituma dukani hapo kona, kilo 2,800. Maziwa ya pakiti lita moja, euro 1.05, na hapa nayo hatuko mbali sana. Na hapo ndipo panaponiuma. Kima cha chini cha mshahara Ujerumani mwaka 2025 kilikuwa euro 12.82 kwa saa, kabla ya makato. Mtu anayepiga deki kule, saa yake moja inanunua zaidi ya kilo kumi za sukari. Mama yangu anakaanga mihogo toka alfajiri, jioni akibakiwa na faida ya elfu nane anamshukuru Mungu. Na sukari anainunua bei hiyo hiyo.

Nyanya kule kilo euro 2.99, hapa sina haja ya kusema. Unga wa ugali naufuata kwenye duka la Waafrika, treni dakika arobaini, kilo euro 3.50. Ndiyo maana ugali nakula Jumapili tu. Simringii mtu, ndivyo mfuko wangu ulivyo.

Sasa samaki. Pakiti hii tupu nimeibeba kwenye begi makusudi. Tazameni: Viktoriabarsch. Ndilo jina wanalomwita sangara. Minofu, gramu 400, euro 8.99. Geuza nyuma, soma hapa chini: Ziwa Victoria, Tanzania. Siku ya kwanza nilisimama mbele ya friza nikasoma mara mbili, mpaka mama mmoja wa Kijerumani akaniomba nimpishe. Elfu ishirini na sita, hata nusu kilo haijafika! Nilinunua. Nilikuwa na hamu.

Jana tulienda soko la samaki la Mwaloni, Kirumba. Sangara mzima walitutajia elfu kumi na moja kwa kilo. Mama akauliza bei, akamgeuza, akamrudisha. Tukaenda kuchukua mapanki. Mapanki siwaelezi, wa Mwanza mnayajua: kichwa na mifupa, minofu ikishaondoka kiwandani. Minofu inapanda ndege, mabondo, vile vibofu vya hewa vya tumboni mwa samaki, yanaenda Uchina, sisi tunachagua kichwa chenye nyama shingoni. Sisemi wasiuze nje, ndugu zangu wengi wanakula kwa viwanda hivyo. Nasema tu nimeumia, mimi kula minofu Ujerumani na mama kula mifupa hapa hapa Mwanza penye ziwa.

Halafu dagaa. Muuzaji alijaza sado, lile kopo la kupimia, akaikandamiza, akaongeza viganja viwili juu bila kuombwa. Kule mizani inahesabu gramu, hakuna nyongeza.

Na hili niliseme, maana limeniletea maneno kwenye ukoo. Nilipoomba viza mwaka 2024 nilitakiwa kuweka euro 11,904 kwenye akaunti iliyofungwa. Kiwanja cha Buswelu kiliuzwa, shangazi akakopa kikoba. Baba mdogo akaiona karatasi ya ile akaunti, akapiga hesabu, akatangaza nina milioni thelathini na nne. Baba mdogo, kwa heshima zote, ile hela ilikuwa inatoka euro 992 kwa mwezi. Chumba 410. Bima ya afya karibu 140. Ada ya redio na televisheni 18.36, na televisheni sina. Kinachobaki ndicho nauli, simu na tumbo. Uliponiomba ya injini ya boti nikasema sina, sikukudanganya.

Kwa anayejiandaa kwenda: sikushauri uende wala usiende. Mwenzangu wa chumba cha jirani anakula kwa euro 100 mwezi mzima, mimi siwezi. Ila usipige hesabu ya bei peke yake, uliza kwanza utalipwa ngapi na utakatwa ngapi.

Hii pakiti nilitaka kuitupa, mama kakataa. Kaiosha, kaianika pale kwenye kamba na nguo. Anasema muuza samaki wake wa Mwaloni hajaamini hiyo bei, na kesho asubuhi mama anataka twende nayo, muuzaji akaisome mwenyewe.