Mtoto wa Mbwa: Mzuie Kuuma Mikono na Kugombea Bakuli Mapema

Mtoto wa mbwa unayemwona kwenye video hii ana wiki 9. Meno yake 28 ya utoto ni makali kama sindano, na wiki iliyopita tu alikuwa bado na ndugu zake. Leo tunashughulika na mawili: kuuma mikono na kunguruma akiwa anakula.

Kwanza andaa zawadi na kamba ya kuchezea. Chemsha maini ya kuku bila chumvi wala kitunguu; kitunguu ni sumu kwa mbwa. Kata vipande vya ukubwa wa punje ya mahindi. Chukua jinzi kuukuu, sokota kamba ya kama sentimita 50, ili akiing'ata meno yawe mbali na vidole vyako.

Tuanze na kuuma. Keti sakafuni umchezeshe kwa kamba. Haya, ameiacha, amedaka mkono. Usiuchomoe! Mkono unaokimbia kwake ni panya, ataufukuza. Ulegeze. Akiachia, inuka kimya, mpe mgongo, hesabu mpaka 20, kisha rudi na kamba ileile. Anachojifunza ni kwamba jino likigusa ngozi, mchezo unakatika.

Akirudia mara tatu nne mfululizo, usimwite mkaidi. Huyo ana usingizi. Mpeleke akalale.

Kumpiga kofi la pua, au kumfinya mdomo, kunamfundisha kuogopa mkono unaomjia usoni. Halafu siku mtoto wa jirani anataka kumpapasa, anamuuma, na lawama zote zinamwangukia mbwa. Kuanzia miezi 4 hivi meno hung'oka na fizi huwasha, kwa hiyo kuuma kutazidi kidogo. Lowesha kitambaa, kigandishe kwenye friza, mpe atafune ukiwa unamwangalia asikimeze.

Sasa bakuli. Hapa ndipo watu wengi wanapoharibu: wanamnyang'anya chakula katikati ya mlo ili "ajue nani mkubwa". Anachojua ni kwamba ukija, ugali wake unaondoka. Tunageuza hesabu hiyo.

Simama mita 2 kutoka alipo. Anapokula, rusha kipande cha ini kando ya bakuli, ondoka zako. Usisimame kumkodolea macho. Fanya hivyo mara tano kwa kila mlo. Tazama mwili: ukisogea akainua kichwa, mkia ukacheza, mlo unaofuata punguza hatua moja. Baada ya siku kadhaa utafika karibu, utainama, utaweka ini ndani ya bakuli kwa mkono.

Sasa tazama hapa shingoni. Akiacha kutafuna ghafla, shingo ikakakamaa, na weupe wa jicho ukaonekana pembeni, umekwenda haraka mno. Rudi nyuma ulikotoka. Akinguruma, usimkaripie. Mngurumo ni hodi. Ukimkomesha kupiga hodi, siku nyingine ataingia na meno moja kwa moja.

Kwa mfupa, au kiatu alichoiba, fanya biashara: weka ini mbele ya pua, akiachia mdomo ale, nawe chukua. Mfupa mrudishie. Kiatu, hapana.

Kila mtu mzima wa nyumbani aanzie mita zile 2, hata dada anayempikia, maana mbwa akimzoea baba hajawazoea wengine. Watoto wadogo msiwashirikishe katika zoezi la bakuli. Wakae mbali mpaka amalize kula.