Kibao Kilicho Chini ya Kitu

Wazee wangu, walimu, wasanii na vijana mliofika jioni hii, shikamooni na karibuni.

Mtu wa Mwanza akisikia neno maonesho, mawazo yake huenda kwanza Nyamhongolo, kwenye Nane Nane, penye mbegu, mifugo na zana za kilimo. Mimi nimeombwa nizungumzie maonesho ya sanaa na kumbukumbu, na jinsi yanavyoweza kudhihirisha kwamba mji huu umejengwa na Wasukuma, Wakerewe, Wakara, Wajita, Wazinza, Wahaya, Wakurya, Wajaluo, Wahindi, Waarabu na wengine wengi. Ndani ya jambo hilo pana nimechagua kitu kidogo, ambacho kwangu ndicho kizito kuliko vyote: maelezo yanayobandikwa chini ya kitu kinachooneshwa. Nani ameyaandika, na amemtaja nani?

Tuanze na kibao tunachokipita kila siku pale kwenye mnara wa saa, katikati ya mji. Kinasema, kwa Kiingereza, kwamba tarehe 3 Agosti 1858, kutoka kilima cha Isamilo, Speke, mpelelezi Mwingereza, aliyaona kwa mara ya kwanza maji makuu ya ziwa hili. Kilima kipo hadi leo. Lakini Speke hakupanda peke yake. Alipomwacha mwenzake wa safari, Burton, kule Tabora, alifuatana na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani angali mdogo, akavushwa bahari hadi India, kisha akarudi Afrika akiwa mtu huru mwenye kujua Kihindustani, lugha ambayo yeye na yule Mwingereza waliweza kuelewana. Walikuwepo pia wapagazi waliobeba mizigo kutoka Unyamwezi, na walikuwepo wenyeji waliokuwa wakivua na kusafiri juu ya maji hayo, wakiyaita Nyanza, tangu zamani sana kabla hayajapewa jina la malkia wa Uingereza. Katika tukio hilo moja zilikutana historia za mabara matatu na bahari moja, ila jiwe limelibeba jina la mtu mmoja tu.

Sasa twendeni Bujora, pale Kisesa, kilomita zisizozidi ishirini kutoka hapa kwa barabara ya Musoma. Makumbusho ya Wasukuma yalianzia katika parokia, kwa juhudi za Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada ambaye Wasukuma walimwita Fumbuka, na wazee wa Kisukuma aliofanya kazi nao kuanzia miaka ya 1950. Nawaomba mtazame jengo la watemi: limepewa umbo la kiti cha enzi, na ndani yake mna ngoma na vifaa vya kitemi. Utemi ulipofutwa kisheria mwaka 1963, ngoma hizo zilipoteza kazi yake ya utawala, na zingeweza kuozea kwenye vihenge au kuuzwa kwa wapita njia. Bujora ilizipa nyumba ambayo umbo lake lenyewe linaeleza. Mgeni asiyejua kusoma anaingia ndani ya kiti, naye anaelewa yuko kwa nani. Sijui njia bora kuliko hiyo ya kuandika maelezo.

Na kuna jambo jingine la Bujora ambalo naliona lina thamani kubwa kwa kila anayeandaa maonesho. Katika sherehe za Bulabo, zinazofuatana na sikukuu ya Ekaristi, vikundi viwili vya ngoma vinavyoshindana, Bagika na Bagalu, hucheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, kila upande ukijitahidi kuwavuta watu. Wanaotazama huhama. Penye bugobogobo iliyoiva, majembe yakirushwa na kudakwa kwa mdundo wa ngoma, ndipo watu hujaa, na wingi wao ndio hukumu. Mtazamaji amepewa kura kwa miguu yake. Linganisheni na ukumbi wetu wa kawaida wa picha, ambamo mtu hutembea kimya, husoma alichoandikiwa, kisha huondoka bila mtu kujua alifikiri nini.

Hata hivyo Bujora ni ya Wasukuma, na ni haki yake kuwa hivyo. Mji wenyewe bado unadai nyumba yake. Chukueni koroboi. Taa hii ndogo ya mafuta ya taa, iliyotengenezwa kwa kopo na utambi, ndiyo iliyoupa jina mtaa wa Makoroboi, kwa sababu ya mafundi waliokuwa wakiigonga pale kwa mabati chakavu. Mtaa huohuo una hekalu la Wahindu. Ningeombwa kuandaa chumba kimoja tu cha maonesho ya Mwanza, ningeweka koroboi katikati, na maelezo yake yangeandikwa na watu watatu: fundi aliyeigonga, mfanyabiashara wa Kihindi ambaye familia yake imeishi mtaani hapo, na mama wa soko la samaki la Mwaloni Kirumba aliyewahi kuhesabu dagaa kwa mwanga wa taa kama hiyo. Maelezo hayo matatu yasipopatana, yaachwe yalivyo. Mwandaaji asiyalainishe.

Zipo kumbukumbu zinazohitaji uangalifu zaidi. Meli ya MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 ikikaribia mji huu, na baadhi ya waliofariki wamelala Igoma. Picha za siku zile zipo. Naamini hakuna picha hata moja inayostahili kutundikwa ukutani kabla ya waliofiwa, wa Bukoba na wa Mwanza, kuulizwa kwanza kama itundikwe, na kisha iandikwe nini chini yake.

Nirudi kwenye mnara wa saa. Sipendekezi kibao cha zamani kiondolewe, kwa kuwa nacho ni ushahidi wa jinsi watu fulani walivyoutazama mji huu. Napendekeza kiwekwe cha pili kando yake, kwa Kiswahili na Kisukuma, chenye jina la Sidi Mubarak Bombay, chenye kuwataja wapagazi, na chenye neno Nyanza likiwa limechongwa kwa herufi kubwa kuliko zote.