Bigijii, Karafuu na Usukani: Mazungumzo na Madereva wa Shamba, Kusini Unguja

Assalaamu alaykum. Mabwana madereva, utingo, vijana wa bodaboda, na nyinyi akina mama mlioacha shughuli zenu, ahsanteni kwa kuja. Sheha aliponiita alitaka nizungumzie ajali kwa jumla. Nimemwomba ruhusa nizungumzie sababu moja tu, ile ambayo kwetu haitajwi. Pombe.

Najua mnavyosema barazani. Hapa ni kwa Waislamu, pombe ni ya watalii wa Nungwi na Paje, na ajali zetu sisi ni mwendo, breki mbovu na ng'ombe waliolala njiani. Hayo yote kweli. Lakini nani humu ndani hajui tembo la mnazi linauzwa wapi? Msinijibu, sheha yupo.

Khatibu keshawaeleza kila Ijumaa hukumu yake, siwezi kumshinda kwa hilo. Mimi ni mtu wa wodi ya majeruhi, kwa hiyo nitasema habari za mwili. Pombe ikishuka tumboni, sehemu kubwa huingia damuni kupitia utumbo mwembamba, na haichukui muda kufika kwenye ubongo. Mtu bado anasimama vizuri, maneno hayajamgonga, hata mke wake hajatambua kitu. Uamuzi wake lakini ushaingia dosari: anajiona hodari kuliko alivyokuwa mchana. Taa za gari ya mbele zikimpiga machoni, anakawia kuona tena. Na mambo mawili kwa pamoja, usukani na mtu wa pembeni, yanamshinda.

Chukueni barabara ya Makunduchi usiku. Gari iko kwenye kilomita 60 kwa saa, yaani kila sekunde inakata karibu mita 17. Dereva mzima akiona mtoto anakatisha, hupita kama sekunde moja na nusu kabla mguu haujakanyaga breki. Mwongezeeni nusu sekunde tu kwa sababu ya alichokunywa. Gari ishakwenda mita nane zaidi, na breki bado haijaanza kushika. Mita nane ni upana wa barabara nzima na ziada.

Haya yalipimwa zamani. Mwaka 1964 Robert Borkenstein na wenzake walitoa utafiti wa mji wa Grand Rapids, Marekani. Waliwapima madereva waliopata ajali, kisha wakawapima maelfu waliopita njia zile zile salama. Hatari ilipanda baada ya gramu 0.05 za pombe katika kila mililita 100 za damu, na ilipofika 0.08 ikawa inapaa. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri dereva asizidi 0.05, na kijana aliyeanza usukani juzi asizidi 0.02.

Sasa hapa nataka madereva wa alfajiri mnisikilize. Ini ni kama boti yenye mlango mmoja, abiria hata wakisukumana hushuka kwa kasi ile ile. Kwa watu wengi pombe hupungua damuni kama 0.015 kwa saa. Aliyeacha kunywa saa sita usiku akiwa na 0.15, inapofika saa kumi na moja alfajiri bado ana 0.075. Kalala, kaoga, kanywa kahawa chungu vikombe viwili, kavaa shati safi, anawasha gari kupakia watoto wa skuli. Damu yake itakuwa safi saa nne asubuhi. Kahawa imemwondolea usingizi, pombe haikuigusa.

Na kuna bigijii, na karafuu. Nimewapokea wengi, mdomo unanukia kama ghala la Pemba msimu wa mavuno. Zinaficha harufu kwa jirani. Mashine ya kupimia pumzi, ambayo Borkenstein huyo huyo aliitengeneza mwaka 1954, haina habari na harufu. Inapima pombe inayotoka damuni na kupita mapafuni: pumzi ya ndani ya lita mbili na kidogo hubeba pombe sawa na mililita moja ya damu. Tafuna shina zima la mkarafuu, kipimo ni kile kile.

Lakini ile karafuu inaeleza jambo kubwa kuliko mashine. Kwingine mtu akizidiwa humwambia rafiki amrudishe nyumbani. Kwetu kuomba kurudishwa ni kujitangaza. Kwa hiyo hunywa kwa siri na huondoka peke yake, usiku, kwa njia isiyo na watu wala taa, tena kwa honda, bila helmeti. Akifa, jamaa wanataka janaza itoke haraka, na sisi wa wodi hatupendi kumfedhehesha maiti. Damu haipimwi. Panaandikwa mwendo kasi, na watu wanasema ndiyo siku yake. Kumsitiri marehemu ni jambo jema, silipingi. Ila tunawasitiri mpaka hatujui wanakufa kwa nini.

Uingereza waliweka kikomo cha 0.08 mwaka 1967, na vifo vikapungua. Baada ya muda madereva wakagundua kuwa polisi hawapimi mara kwa mara, wakarudia tabia. Jimbo la New South Wales, Australia, lilianza mwaka 1982 kusimamisha gari yoyote na kumpima dereva yeyote, bila kungoja apepesuke. Vifo vilishuka sana. Dereva anaogopa kukamatwa leo hii, adhabu kali ya kwenye karatasi haimshughulishi.

Kwa hiyo naomba mawili. Polisi wa trafiki wakija na kipimo, wapime wote, mwenye kofia na mwenye kaptura, gari ya shamba na ya hoteli. La pili ni lenu: kila kijiji kiwe na dereva mmoja au wawili wa kupigiwa simu usiku, wanaokwenda kumchukua mtu na kufunga mdomo. Asubuhi hawajui kitu.

Kuna wazee watasema huko ni kusaidia maasi. Mzee wangu, anayekunywa ameshakunywa, hesabu yake iko kwa Mola wake. Mimi namzungumzia anayetembea kando ya njia kurudi kutoka Isha, ambaye hakunywa chochote.

Haya, maswali. Yule bwana wa nyuma kanyanyua mkono zamani.