Swali la Yohana kutoka gerezani

Bwana Yesu asifiwe. Wengi mmezoea kusikia ushuhuda wa mtu aliyekwisha kuvuka. Leo tukae kidogo na mtu ambaye bado yumo ndani, tena amechanganyikiwa.

Yohana Mbatizaji alifungwa na Herode Antipa, mtawala wa Galilaya, kwa kumwambia waziwazi kuwa si halali kumchukua mke wa ndugu yake. Huyu ndiye aliyehubiri kwamba anayekuja, yaani Masihi, ana pepeto la kupepetea ngano mkononi, na shoka limekwisha kuwekwa penye mashina ya miti: hukumu i karibu. Sasa mhubiri yumo kifungoni, Herode anakula karamu, na shoka halijaangusha hata tawi. Ndipo anatuma wanafunzi wake kwa Yesu: "Wewe ndiye yule ajaye, au tumtazamie mwingine?"

Wako wanaomtetea, eti aliuliza kwa ajili ya wanafunzi wake tu. Sikubaliani nao. Yesu aliagiza jibu apelekewe Yohana mwenyewe. Mwenye shaka alikuwa yeye, na shaka yake aliipeleka kwa yuleyule aliyekuwa anamtilia shaka.

Sasa liangalieni jibu, Mathayo 11. Vipofu wanaona, viwete wanatembea, wenye ukoma wanatakaswa, viziwi wanasikia, wafu wanafufuliwa, maskini wanahubiriwa habari njema. Maneno hayo yana mwangwi wa Isaya 35 na 61. Lakini Isaya 61 inataja pia kufunguliwa kwa waliofungwa, na Yesu alikuwa ameyasoma maneno hayo katika sinagogi la Nazareti, Luka 4. Katika ujumbe huu kwa mfungwa, hayamo! Sidhani kama mtu aliyelelewa kwa manabii alikosa kuliona pengo hilo.

Hapa ndipo wengi wetu tunapokwama. Tumeomba ndoa ipone, mgonjwa ainuke, na tunasikia wengine wakishuhudia hayohayo huku kwetu kimya. Ukiwa katika hali hiyo, ushuhuda wa jirani unaweza kuuma kuliko kukosa kwenyewe. Yohana alipewa ushuhuda wa wengine, akaongezewa neno moja: heri asiyechukizwa nami. Yesu alijua kwamba jibu lake lingeweza kumkwaza.

Wajumbe walipoondoka, Yesu akawageukia makutano akasema kwamba katika wazao wa wanawake hajatokea aliye mkuu kuliko Yohana. Kwa hiyo tuache kumnong'ona mtu kanisani kwamba amerudi nyuma kwa sababu ameuliza. Aliyeuliza swali zito kuliko yote alisifiwa siku hiyohiyo, mbele za watu.

Yohana hakutoka. Alikatwa kichwa. Mathayo 14 inasema wanafunzi wake walikuja wakauchukua mwili, wakauzika, kisha wakaenda kumpasha Yesu habari. Wangeweza kwenda popote, na sababu ya kumwepuka Yesu walikuwa nayo. Walikwenda kwake.

Karibuni kwa maswali.