Chumba cha Karatasi katika Jumba la Castletown

Wapendwa wasikilizaji, leo nawapeleka Celbridge, si mbali na Dublin, kwenye jumba la Castletown. Ujenzi ulianza mwaka 1722, enzi ya wafalme wa Uingereza walioitwa George. Mwenye jumba alikuwa William Conolly, Spika wa Bunge la Ireland, mtoto wa mwenye nyumba ya wageni huko Donegal. Alitajirika kwa biashara ya ardhi walizonyang'anywa walioshindwa katika vita vya Mfalme William wa Tatu wa Uingereza. Tulijue hilo kabla hatujaanza kusifu dari.

Na sifa zinastahili. Kwenye ukumbi wa ngazi, kuta zimejaa nakshi za lipu, kazi ya akina Lafranchini, mafundi waliotoka Uswisi. Lipu hiyo hufinyangwa ingali mbichi, palepale ukutani, kwa hiyo fundi hana nafasi ya kusitasita. Katikati ya majani na maua utaona nyuso za wenyeji wa nyumba.

Juu, katika ukumbi mrefu, zinaning'inia thurea za kioo cha Murano zilizoagizwa Venice. Zilipofika, Bibi Louisa Conolly, aliyeolewa na mrithi wa jumba hili, aliona buluu yake haiafikiani na ya kuta. Zimebaki hapo hadi leo.

Jumba lenyewe nusura lipotee. Liliuzwa mwaka 1965, likasimama tupu, waharibifu wakaliingilia. Mwaka 1967 Desmond Guinness akalinunua. Yeye na mkewe Mariga ndio walioanzisha Chama cha Kijojia cha Ireland, cha kuhifadhi majengo ya enzi hiyo ya akina George, mwaka 1958, na watu wa kujitolea walikuja kukarabati kwa mikono yao. Nawashukuru kila ninapolitaja jumba hili.

Lakini mimi hukaa zaidi katika chumba kimoja kidogo. Louisa aliolewa mwaka 1758, akiwa na miaka 15. Baadaye alikusanya picha za chapa, yaani zilizochapishwa kwenye karatasi, akazikata, akazipanga ukutani na kuzibandika, kisha akazizungushia fremu na mashada, vyote vya karatasi. Ni chumba pekee cha namna hiyo cha karne ya 18 kilichosalia Ireland. Kwa dari alimlipa fundi. Hapa alishika mkasi mwenyewe.

Mkifika, msikipite haraka. Sogeeni karibu na ukuta kadiri mtakavyoruhusiwa, mfuate ukingo wa picha moja kwa macho, pole pole, mahali mkasi ulipopita.