Mfumo Ukilala: Kupima Hasara Kabla Haijatokea

Ndugu washiriki, mfumo wa kompyuta ukilala, swali la kwanza ofisini huwa, "Utarudi saa ngapi?" Fundi atalijibuje kama hakuna aliyemwambia mapema kila idara inaweza kuvumilia kwa muda gani? Jibu hilo analo mhasibu, mkuu wa mauzo na mtunza ghala, kwa hiyo tathmini ya hasara ianzie kwenye meza zao.

Tuchukue duka la jumla linalouza shilingi milioni 12 kwa siku ya saa 10. Wengi hugawanya tu, wakasema kila saa ya kukatika ni hasara ya milioni 1.2. Hesabu hiyo inapotosha. Mteja wa sukari aliyekwama saa nne asubuhi anaweza kurudi saa nane mchana; mauzo yake yamechelewa, hayajapotea. Aliyeondoka moja kwa moja ameondoka na faida yenu tu, kwa kuwa mzigo bado mnao. Papo hapo kuna gharama ambazo mgawanyo huo hauzioni: posho ya makarani wanaokesha kuingiza risiti za mkono, mizigo iliyotoka bila kuandikwa, mteja aliyelipishwa mara mbili. Tena hasara haipandi sawasawa. Saa ya kwanza watu wanajikongoja na vitabu vya risiti. Vikiisha, kaunta inafungwa.

Muulizeni kila mkuu wa idara: baada ya dakika 30 kinatokea nini? Baada ya saa 4? Siku 3? Kisha rudieni maswali yaleyale kwa tarehe 28, mishahara ikiandaliwa. Mtashangaa majibu yanavyobadilika.

Hapo mtapata namba mbili: muda wa juu wa kukaa bila huduma, na kiasi cha data mnachoweza kukubali kupoteza. Hii ya pili husahaulika sana. Bakapu, yaani nakala ya akiba ya data, ikichukuliwa saa sita usiku na diski ikafa saa kumi na moja jioni, kazi ya saa 17 imekwenda.

Sasa zilinganisheni namba hizo na uwezo mlio nao. Idara inataka mfumo ndani ya saa 2, lakini bakapu ni kanzidata ya gigabaiti 300 iliyo ng'ambo, na laini yenu ya intaneti ni ya megabiti 50 kwa sekunde. Kuivuta tu ni saa 13 na dakika 20, hata laini ikitulia. Na laini zenyewe? Tarehe 12 Mei 2024 kebo za baharini za EASSy na Seacom zilikatika siku moja, intaneti ikadorora Tanzania na kwa majirani. Laini za kampuni mbili zinazopita kebo ileile zihesabuni kuwa moja.

Kisa cha GitLab, kampuni inayowahifadhia waandishi wa programu kazi zao mtandaoni, kinastahili kusomwa na kila fundi. Tarehe 31 Januari 2017, fundi wao alifuta data kwenye seva kuu akidhani yuko kwenye ile ya akiba. Kati ya gigabaiti 300 hivi zilibaki 4.5. Walipokimbilia bakapu za kila siku, hazikuwepo: programu ya kunakili ilikuwa toleo la 9.2, kanzidata 9.6, kwa hiyo ilikuwa ikigoma kila mara. Barua pepe za kutoa taarifa ya kosa nazo zilikuwa zikikataliwa na seva ya upande wa kupokea. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mtu aliichukua kwa mkono saa 6 kabla, kwa shughuli nyingine kabisa. Hata hiyo, kuirejesha kulichukua saa 18 hivi, kwa sababu diski ilikokaa zilikuwa za mwendo wa pole.

Kwa hiyo kila robo mwaka rejesheni bakapu kwenye mashine tofauti, saa ya ukutani ikihesabu. Fundi akisema, "Imerudi," msisimamishe saa. Mhasibu afungue miamala ya jana, alinganishe salio na taarifa ya benki, achape risiti moja. Muda atakaosaini yeye ndio mtakaouandika kwenye tathmini.